Ziada ya Mshono

Nashona Kariobangi Kusini, chumba cha chini,
kati ya muuza gesi na kanisa la mabati.
Miili ya watu naijua kwa inchi.
Sijui mishahara yao, sijui dhambi zao,
ila anayelala na asiyelala
nikimpitishia tepu kiunoni, namjua.

Syombua alikuja mwanzo mwezi wa pili.
Ameandikwa kazi ya usiku, bohari moja Enterprise Road,
kutazama skrini kumi na mbili
zisizoonyesha kitu: ukuta, lango, paka.
Kiuno ishirini na tisa. Nikaandika daftarini.
Nikafichia inchi moja ndani ya mshono,
desturi yangu, kwani sare
hununuliwa na kampuni, huvaliwa na maisha.

Mwezi wa tano akarudi anacheka.
"Fundi, nguo imerudi kwa sabuni ama?"
Nikafumua ile inchi. Sikutia neno.

Mwezi wa nane hakucheka.
Akakaa juu ya robota la vitambaa,
viatu mkononi, macho nusu yamefumba.
Anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi,
akifika Umoja, mchomelea mageti ameshawasha mtambo,
watoto wa ploti wanacheza kati chini ya dirisha,
na pazia lake ni leso,
na leso haijui kukataza jua.
Saa nne anajigeuza. Saa sita anajigeuza.
Lepe, kisha lepe.
Saa nane anaamka amechoka kuliko alivyolala.

"Na njaa, fundi! Si ile ya ugali, ile naijua.
Saa tisa usiku inakuja nyingine,
haitaki sukuma, haitaki maji,
inataka andazi, soda, viazi vinavyochuruzika mafuta.
Nakula sishibi.
Ni kama ndani yangu kulikuwa na askari
wa kusema *tosha, funga lango*,
naye siku hizi anasinzia kibandani,
kila kitu kinapita."

Dadake kamwita mlafi, mbele ya wageni.
Kliniki wamempa karatasi: punguza wanga, tembea.
Ameikunja ndani ya kitambulisho.
Hakuna aliyemuuliza unalala saa ngapi.
Hata mimi sikuwa nimemuuliza.

Nikageuza suruali, nikatafuta ziada.
Hakuna. Tuliila mwezi wa tano.
Itabidi kipande cha pembeni, buluu nyingine kidogo,
mtu asiyetazama sana hataona.

Nikawaza Januari zangu,
sare za shule hadi alfajiri, taa moja, cherehani,
na pakiti za biskuti nilizomaliza
bila kukumbuka nilizifungua lini.
Macho hukopa, tumbo hulipa.
Na riba, mwenzangu, hukaa kiunoni.
Nilijipima mwenyewe usiku mmoja, mlango nimefunga.
Hiyo sikuandika daftarini.

Nilipoinua kichwa nimwambie bei
alikuwa amelala.
Amelala hasa, pono,
shavu juu ya gaberdini ya mteja mwingine,
mate yakichora ramani.
Nikaondoa mguu kwenye pedali.
Mzee wa zipu alipokuja nilimwonyesha kidole mdomoni.
Muuza gesi akaanza kugonga mtungi,
nikatoka nikamwambia, ndugu, nusu saa tu,
akanitazama kama mtu aliyeokoka juzi.
Kipande cha pembeni nikakishona kwa mkono,
polepole, kama navisha mtoto.

Alilala saa mbili na robo.
Chai niliyomnunulia ikafanya ngozi.
Aliamka, akapangusa kile kitambaa kwa aibu,
akaangalia andazi kando ya kikombe,
akaangalia tena.
"Sina njaa," akasema, kama aliyeokota kitu
asichojua ni cha nani.

Saa kumi na moja jioni akaondoka, kazini.
Nilimpima mlangoni, mazoea tu:
thelathini na mbili na nusu, vilevile.
Tepu yangu haina mahali pa kuandika
saa mbili na robo.